Ubani na Ndugu Zake

Jumatatu moja, siku mbili baada ya arusi iliyofungwa katika parokia yetu, mwanafunzi wa darasa la sita alitujia mezani wakati wenzake walipotoka kucheza. Hakuwa na shida ya hesabu. "Mwalimu," akasema, "dada yangu amepewa na mume wake chupa ya manukato kutoka Ulaya. Alipojipaka, nyumba yote ilinukia kama kanisa siku ya Pasaka. Mama alicheka. Lakini nyanya alikasirika sana, akasema kitu cha Mungu hakipakwi shingoni, na dada akaificha chupa akilia. Nani mwenye haki?"

Tulimwomba atupe nafasi hata Ijumaa. Mtoto akiuliza hivyo hafai kujibiwa mbio mbio, na tukiri mbele ya wasomaji kwamba siku ile hatukuwa na jibu. Katika juma lile tulisoma na kuulizana na wenzetu, na mambo tuliyoyapata yalitupendeza hata tukaona si vema yabaki ndani ya darasa moja.

Kwanza, pua ya mtoto haikumdanganya. Mwaka 2016 wataalamu wa chuo kikuu cha mji wa Nice, katika Ufaransa, walitangaza kwamba wamepata ndani ya ubani kile hasa kinachotoa harufu ile tunayoikumbuka tukiingia katika kanisa la zamani. Ni asidi mbili, nazo zimo katika ubani kwa kipimo kidogo mno, ndiyo maana wenye elimu waliotangulia walizipita wasizione. Wakaziita kwa jina la olibano, lililo jina la kale la ubani katika lugha za Ulaya. Basi chupa ya dada na chetezo cha Padri vyaweza kweli kuwa na kitu kimoja ndani.

Mafundi wa manukato, kama wale wa mji wa Grasse, kusini mwa Ufaransa, huzipanga harufu katika madaraja matatu. Juu huweka zile nyepesi, za limau na machungwa, ambazo huruka upesi kama ndege. Ukizinusa asubuhi, kabla ya saa moja kupita zimekwenda. Katikati huweka harufu za maua. Chini kabisa huweka zile nzito, ambazo chembe zake hutoka polepole, hata jioni nguo bado yanukia, na pengine kesho yake pia. Tena zile nzito huwashika mkono wenzao walio wepesi, wasikimbie mbio. Hizo za chini Wafaransa huziita harufu za joto. Hakuna moto ndani ya chupa, lakini sisi nasi husema kwamba maneno ya mtu ni ya moto au ni ya baridi, na kila mtu hufahamu. Harufu ya joto ni ile ikumbushayo asali, gamba la mti lililokaa juani, maziwa yaliyotiwa vanila, moshi wa jioni. Na nyingi katika hizo hutoka mahali pamoja, yaani katika jeraha la mti.

Wasomaji wetu wa kijijini hawahitaji maelezo marefu hapa. Nani asiyeona mwembe uliopigwa panga ukitoa maji yanayonata? Mtu akikatwa hukimbilia kitambaa. Mti hauna mikono. Basi huleta utomvu wake mpaka penye jeraha, utomvu hukutana na hewa, huganda, hufunga mlango. Wadudu wanaokuja kutoboa hunaswa, na kuvu inayotaka kuozesha hukuta sumu. Harufu tunayoipenda sisi, mti uliifanya kwa kuwafukuza wengine. Ni dawa ya kidonda, nasi twaipaka siku ya arusi!

Mti wa ubani si mti wa fahari. Ni mfupi, matawi yake yamepindika, gamba lake hubanduka kama karatasi kuukuu, nao humea mahali pa mawe na ukame ambapo mkulima asingepanda kitu. Aina zake ni nyingi. Moja humea katika jimbo la Dhofar katika nchi ya Oman, na Yemeni na Somalia. Nyingine humea Ethiopia, Eritrea na Sudani, nayo ndiyo itoayo sehemu kubwa ya ubani unaochomwa makanisani. Wakati wa kiangazi mgema huja na chuma kidogo chenye makali, huparua gamba mahali mahali, si kwa kina, kisha huenda zake. Matone meupe kama maziwa hutoka na kuganda. Baada ya majuma mawili au matatu hurudi, huyakwangua, hulifungua tena jeraha lile lile, na hivyo mara nyingi mpaka mvua zikaribie. Ubani wa mara ya kwanza haufai sana. Ulio bora huja baadaye.

Biashara hiyo ni ya zamani mno. Yapata miaka 1470 kabla ya Kristu, malkia Hatshepsut wa Misri alituma merikebu mpaka nchi iliyoitwa Punti, na katika kuta za hekalu lake huko Deir el-Bahari waonekana hata leo watu waliochongwa wakiichukua miti ya uvumba ndani ya vikapu, mizizi na udongo wake. Baadaye Warumi waliutaka ubani kwa wingi hata nchi za Waarabu zikatajirika. Plinio, mwandishi wa Roma aliyekufa mwaka 79, aeleza habari za karakana za Aleksandria ambamo ubani ulitengenezwa: nguo za wafanyakazi zilitiwa muhuri, vichwa vyao vilifunikwa kwa wavu, na kabla ya kutoka walivuliwa nguo zote, asije mtu akaiba punje moja. Mwaka 2000 shirika la UNESCO liliandika nchi ya ubani ya Oman, pamoja na bandari zake za kale, katika hesabu ya mali ya dunia nzima.

Twarudi kwa nyanya, maana tulipofungua Maandiko tulitambua kwamba maneno yake hayakutoka hewani. Katika kitabu cha Kutoka, sura ya 30, Mungu ampa Musa kanuni ya uvumba wa hekalu, na ubani safi umetajwa ndani yake. Kisha yafuata makatazo makali: mtu atakayejitengenezea uvumba wa namna ile ile kwa kujifurahisha kwa harufu yake, atakatiliwa mbali na watu wake. Mzee wetu, ambaye labda hakuisoma sura hiyo kwa macho yake, aliihifadhi moyoni. Lakini kilichokatazwa ni kanuni ile, yaani mchanganyiko wenyewe kwa vipimo vyake, miti haikukatazwa. Katika Biblia hiyo hiyo Esta alitiwa mafuta ya manemane muda wa miezi sita kabla ya kupelekwa mbele ya mfalme, na bibi arusi wa Wimbo Ulio Bora anukia manemane na ubani tangu mwanzo hata mwisho, wala hakuna amkemeaye.

Manemane ni ndugu ya ubani kwa damu, maana wenye elimu ya mimea huiweka miti yao katika jamaa moja. Ule wa manemane ni kichaka chenye miiba, wa Somalia, Ethiopia na Yemeni, na utomvu wake ni mwekundu wa kahawia, mchungu sana ulimini. Wakristu twaijua mwanzo na mwisho wa maisha ya Bwana wetu: Mamajusi waliileta Betlehemu, ilitiwa katika divai aliyopewa Kalvario, na Nikodemo aliileta pamoja na udi, uzito wa ratili 100 hivi, kwa maziko yake. Somalia hutoa pia nduguye aliye mtamu zaidi, ambaye mafundi humwita opoponasi. Huyo ndiye huingia katika manukato mazito ya jioni.

Ndugu wa tatu si wa damu, lakini habari zake zilichekesha darasa zima. Ni ladano. Katika kisiwa cha Krete na kando kando ya bahari ile hupatikana kijiti kifupi chenye maua mazuri, na jua likiwa kali majani yake hutoka jasho linalonata. Waandishi wa kale, Herodoto na Plinio, wasimulia kwamba mbuzi walipokula vijiti hivyo, utomvu ulishika ndevu zao, na wachungaji wakazichana ndevu za mbuzi ili wapate manukato. Baadaye watu wa Krete walitengeneza chombo kama reki chenye kanda za ngozi badala ya meno, wakazipiga nazo zile mbuga wakati wa jua la mchana, kisha wakazikwangua kanda. Siku hizi sehemu kubwa hutoka Hispania, ambako matawi huchemshwa katika masufuria makubwa. Mwanafunzi mmoja aliuliza kama beberu wa Krete alinukia vizuri kuliko beberu wa kwetu. Swali hilo tuliliacha.

Wa nne ni benjoini, na kwake twapenda kukawia kidogo, kwa sababu ya jina. Hutoka katika miti ya Sumatra na Laos, nayo pia hukatwa gamba. Waarabu waliiita luban jawi, maana yake ubani wa Java. Wafanya biashara wa Ulaya walipoisikia ile silabi ya kwanza walidhani ni kijineno tu, kama le ya Kifaransa, wakaikata. Iliyobaki ikawa benjoin. Kwa hiyo ubani wetu wa Kiswahili umejificha ndani ya jina la Kifaransa. Wala safari haikuishia hapo. Kutoka benjoini walipata asidi waliyoiita benzoiki, na mwaka 1833 Mitscherlich, mtaalamu wa Kijerumani, aliipasha moto asidi hiyo pamoja na chokaa akapata maji mepesi yanayowaka, akayaita Benzin. Hata leo dereva wa Berlin akiomba mafuta ya motokaa yake hutamka jina hilo, yaani hutaja ubani bila kujua.

Harufu ya benjoini yafanana na vanila. Na hapa tulipata maana ya neno lililoandikwa katika chupa ya dada: ambre. Watu wa pwani waijua ambari ya kweli, inayotoka tumboni mwa nyangumi na kuokotwa ufukoni. Wengine huita kwa jina hilo hilo kaharabu, lile jiwe la manjano la shanga, ambalo ni utomvu wa miti ya zamani za kale uliogeuka jiwe. Chupani haimo hii wala ile. Mafundi huchanganya ladano, benjoini na vanila, na harufu inayotokea, tamu, nzito, yenye joto, huipa jina la ambre. Hata vanila yenyewe mara nyingi haitoki katika mmea, kama ule unaolimwa siku hizi upande wa Beni. Mwaka 1874 Wajerumani wawili, Tiemann na Haarmann, walifaulu kutengeneza kiini chake kutoka katika majimaji ya misonobari. Tena mti! Manukato ya Shalimar ambayo Jacques Guerlain aliyatoa Paris mwaka 1925 yamejengwa juu ya harufu za namna hiyo, na mengi yaliyokuja nyuma yake yaliifuata njia ile ile.

Katika kuyasoma hayo tulikuta pia jambo lililotuhuzunisha. Mwaka 2019 wataalamu walitoa matokeo ya kazi waliyoifanya katika nchi za ule ubani wa Ethiopia, Eritrea na Sudani. Waliichunguza miti zaidi ya 21,000 katika sehemu 23. Katika zaidi ya robo tatu za sehemu hizo hawakuona miti michanga. Wazee wamesimama, watoto hakuna. Na walipohesabu pete za ndani ya miti, walifahamu kwamba kwa makumi ya miaka hakuna mche uliofaulu kukua. Walikadiria kwamba katika muda wa miaka 20 ubani wa huko utapungua kwa nusu. Mifugo hula miche, moto wa mbuga huichoma, mbawakawa huitoboa miti iliyodhoofika, nayo mashamba husogea kila mwaka.

Na mgema naye ana sehemu yake. Utomvu haupatikani bure: mti huufanya kwa chakula kile kile ambacho ungefanyia maua na mbegu. Huko Eritrea, katika uchunguzi uliotolewa mwaka 2006, walizilinganisha mbegu. Zile za miti isiyogemwa ziliota zaidi ya 80 katika 100. Zile za miti iliyogemwa sana ziliota 16 tu. Mti unaofunga vidonda mchana na usiku huzaa watoto wasio na nguvu. Akina mama wanaotusoma watafahamu kuliko sisi. Hatutaki kumlaumu mgema, ambaye hupanda mawe kwenye jua kali kwa malipo madogo, na ambaye punje zake zikifika katika maduka ya Ulaya hazimjui tena. Mwenye njaa hagemi kwa kipimo. Wataalamu washauri miti ipumzishwe, ng'ombe wazuiwe, na moto ukatiwe njia. Lakini mashauri hayo yana gharama, na bado haijasikika kwamba mnunuzi wa chupa ataombwa kuilipa.

Sisi Wakongomani tukisikia habari ya kugema utomvu kwa nguvu, hatuisikii kama wageni. Babu zetu walijua mpira wa siku za Leopold II. Baadaye ikaja sandarusi ya jimbo la Ekwateri, utomvu wa kale uliozikwa katika matope ya misitu. Watu waliingia majini hata magotini, wakichoma chini kwa fimbo za chuma mpaka zigonge kitu kigumu, wapate cha kulipia kodi. Sandarusi hiyo haikunusiwa na mtu. Ilikwenda Ulaya kufanywa vanishi ya meza na milango.

Lakini tunao pia ndugu halisi wa ubani. Ni mpafu. Wengi wetu tumekula matunda yake meusi ya zambarau, yaliyolainishwa katika maji ya moto, bila kujua kwamba mti ule mrefu ni wa jamaa moja na ubani na manemane. Utomvu wake ni mweupe wenye kuelekea manjano, na ukiuchoma hutoa moshi mzuri. Misioni nyingi za Afrika ziliutumia katika vyetezo. Tulipokuwa seminari ndogo, njia zilifungwa kwa sababu ya vita na ubani wa kununua ulikwisha kabla ya Noeli. Padri mlezi alitutuma sisi vijana wanne porini. Tulipoufikia mpafu, tukaona matone yaliyoganda ni machache, na kwa haraka ya ujana tukaupiga shoka mahali pengi, kwa kina, tupate zaidi. Mzee mwenye shamba lililo karibu akaja, akatutazama, akauliza tu kama ng'ombe huchinjwa ili akamuliwe. Noeli ile kanisa lilinukia vizuri sana. Mwaka uliofuata tulipita pale. Upande mmoja wa mti ulikuwa umekauka.

Siku ya Ijumaa tulimweleza mwanafunzi wetu hayo yote, pamoja na habari za sura ya 30 na za Esta. Tulimwambia kwamba nyanya ana haki ya kuheshimu kilicho cha altare, na dada hana kosa kujipaka manukato aliyopewa na mumewe, tena itakuwa vizuri wote wawili waambiwe hivyo na mama, si na mtoto wa darasa la sita. Kisha tukampa kipande cha utomvu wa mpafu kilichofungwa katika karatasi, kilichookotwa chini ya mti, akipeleke nyumbani.

Jumatatu alirudi. Dada ameitoa chupa yake sandukuni. Nyanya alikitia kipande kile juu ya makaa, akaunusa moshi kwa muda mrefu pasipo kusema neno, kisha akamtuma kwetu na swali: mti huo uko wapi, na je, ulikatwa na mtu, au ulilia wenyewe?